Tulipobeba Choo Kwenda Kambini

Mwezi huu tunakuomba radhi mapema, kwa kuwa tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa kulitaja kwa sauti ya chini, yaani choo. Tena siyo choo cha nyumbani, bali choo cha kubeba, ambacho familia au kikundi huweza kwenda nacho kambini na kurudi nacho. Kama uko mezani, funika ukurasa huu na uurudie baadaye.

Aliyetufanya tulizungumze ni bibi mmoja wa usharika wetu. Pasaka ya mwaka 2023 familia sita tulipiga kambi siku tatu katika shamba la minazi upande wa Bagamoyo, watu 31 pamoja na watoto. Akina baba walitangulia Alhamisi kuchimba shimo la choo. Ilikuwa masika, na kabla shimo halijafika kiunoni maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni. Jioni yalikuwa yamesimama humo kama kisimani. Kisima chenyewe cha shamba kilikuwa hatua 20 tu kutoka hapo. Giza lilikuwa linaingia na watoto wana njaa, basi tukatandika miti juu ya shimo, tukazungushia khanga, tukasema siku tatu si nyingi.

Bibi aliliangalia shimo lile mara moja, akarudi hemani. Tangu jioni ile alikuwa akipokea kikombe cha chai kwa shukrani na kukiweka chini pembeni ya mkeka, na sisi tulio na haraka ya kupika na kuosha hatukuona kwamba chai ilikuwa inapoa bila kunywewa. Jumapili katikati ya ibada aliishiwa nguvu. Tulimlaza kivulini, tukamnywesha maji kidogo kidogo, na alipopata sauti akatuambia, "Wanangu, mimi kule usiku siwezi. Nikinywa nitakwenda."

Tulipoulizana wenyewe kwa wenyewe tukaona aibu. Karibu nusu ya akina mama tulikuwa tukifanya vivyo hivyo, na mmoja wetu alikuwa ananyonyesha. Wasichana wakubwa walikuwa wakiamshana watatu watatu usiku, na mmoja aliyekuwa katika siku zake alimwomba mama yake warudi nyumbani kwa kisingizio cha kichwa kuuma. Yote haya yalitokea katika kambi ya maombi iliyokuwa na ratiba iliyochapwa vizuri, yenye saa ya kwaya na saa ya mafundisho, na hakuna aliyeandika neno moja juu ya choo.

Neno la Mungu halikulidharau jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, mistari ya 12 hadi 14, Waisraeli walio kambini wanaagizwa kutenga mahali nje ya kambi, kila mtu achukue kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake, achimbe, kisha afunike. Uliweke moyoni hilo la kufunika, kwani choo tutakachokieleza kimesimama juu yake.

Wala si sisi wa kwanza kanisani kuhangaika na ndoo. Huko Dorchester, Uingereza, alikuwako kasisi wa Kianglikana aitwaye Henry Moule, aliyehudumia mtaa wa Fordington. Kipindupindu kiliingia katika mtaa wake mwaka 1849 na tena mwaka 1854. Yeye alikwenda kwa wagonjwa nyumba kwa nyumba, na akamwandikia barua Prince Albert kueleza hali ya maskini wale, kwa kuwa ardhi waliyoishi ilikuwa ya milki ya kifalme. Mwaka 1859 shimo la choo la nyumbani kwake lilipozidi kuwa kero kwake na kwa jirani, alilifukia na kuiagiza familia yake yote itumie ndoo. Yaliyomo aliyazika katika mitaro mifupi ya bustani, na alipochimbua baada ya wiki tatu au nne hakuona alama yake. Akagundua pia kwamba udongo mkavu ukimwagwa juu mara tu mtu anapomaliza, harufu inakwisha. Mwaka 1860 akapata hataza ya choo chake: kiti, ndoo chini, na nyuma kisanduku cha udongo mkavu kinachofunguliwa kwa mpini.

Choo hicho kilifika kambini mapema. Mwaka 1868 vyoo 148 vya namna hiyo vilitumiwa na watu 2,000 katika kambi ya askari wa kujitolea pale Wimbledon. Nyumba ya kasisi huyu ilijaa watoto wa kiume: Handley alikuja kuwa Askofu wa Durham, George na Arthur walikwenda China kama wamisionari. Vitabu vinamsifu baba kwa uvumbuzi wake, na anastahili. Sisi tunajiuliza tu ni nani aliyekuwa akizikagua zile ndoo asubuhi, na tunamfikiria sana Mama Moule.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwanza tuseme kwamba jina la "choo cha mboji" hudanganya kidogo. Hakuna choo cha kubebeka kinachogeuza kinyesi kuwa mboji katika siku tatu za kambi, hata kiwe cha bei gani. Choo hukusanya na kutunza. Mboji hutengenezwa baadaye, nyumbani, kwa miezi mingi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, ulizaneni yatakwenda wapi tukirudi. Kama hakuna mwenye ua, shamba wala nafasi ya kuweka rundo, msinunue bado.

Aina zilizopo ni kama tatu. Ya kwanza ni choo cha dawa, kile chenye tangi chini na maji ya bluu. Wale wenye ndugu wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wamekwisha kusikia habari zake, kwani makampuni mengi ya kupandisha wageni huwa na hema dogo la choo na mpagazi wa kukibeba. Ni kisafi na hakinuki sana, lakini yaliyomo yamechanganyika na dawa, hayafai kuzikwa bustanini wala kuingia kwenye mboji. Hutupwa mahali panapopokea maji machafu ya namna hiyo tu.

Ya pili ni vyoo vya kiwandani vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, ambavyo hutengenezwa Marekani na Sweden miongoni mwa nchi nyingine. Vingine vina mpini wa kuzungusha ili kuchanganya yaliyomo. Ni vifaa vizuri kwa watu wawili wanaoishi katika mashua au gari kwa wiki nyingi. Kwa kambi ya familia sita havifai, kwani ni vizito hata vikiwa vitupu, bei yake ni kubwa, na nafasi ya ndani ni ya watu wachache. Jambo lililotuchekesha ni kwamba mengi ya maelekezo ya vyoo hivyo yanamtaka mwenye choo anunue vumbi la makumbi ya nazi kwa ajili ya kufunikia. Makumbi hayo hayo sisi wa pwani tunayachoma.

Ya tatu ni ndoo yenye kiti, na hiyo ndiyo tuliyoichagua. Fundi seremala wa jirani alitutengenezea masanduku matatu ya mbao, kila moja lenye tundu juu na kiti cha choo cha kawaida cha plastiki kimefungwa kwa skrubu. Ndani inaingia ndoo ya lita 20 ya rangi ya ukutani, ile ngumu yenye mfuniko wa kubana. Usidanganyike na ndoo nyembamba za kuchotea maji. Mpini hung'oka siku ndoo ikijaa, na hutapenda iwe siku hiyo. Angalia pia kwamba mdomo wa ndoo unafika juu kabisa, unagusa chini ya kiti, bila nafasi ya kitu kupita pembeni. Mwambie fundi aongeze upana wa miguu ya sanduku. Mama mnene, mama mjamzito na mzee wote wanahitaji kukaa bila kuyumba, na upande mmoja paweko nguzo ya kushika wakati wa kuinuka.

Kitu kinachoufanya mtambo huu mdogo ufanye kazi ni kutenganisha mkojo. Tulichukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, tukalikata kwa mshazari likawa kama faneli pana, tukalifunga kwa mbele chini ya kiti, na kwenye mdomo wake tukaingiza mpira unaotoka nje hadi kwenye dumu jingine lililofukiwa nusu. Mpira uteremke moja kwa moja, usipinde juu mahali popote, la sivyo mkojo husimama humo na kunuka. Mtu akikaa vizuri, bila kuchuchumaa juu ya kiti, mkojo huenda mbele na kinyesi huanguka nyuma. Watoto wadogo hawawezi kulenga hivyo. Kwao tuliweka poti na tukamwaga wenyewe kila kitu mahali pake.

Kwa nini taabu yote hii? Mtu mzima hutoa mkojo kama lita moja hadi moja na nusu kwa siku, lakini kinyesi chake ni gramu mia chache tu. Vikichanganyika katika ndoo moja, ndoo inajaa upesi, inakuwa nzito, inanuka, na inataka maranda mengi sana. Vikitengana, kinachobaki ndooni ni kidogo na kikavu. Watu wetu 31 kwa siku tatu za Pasaka ya 2024 walijaza ndoo nne hadi theluthi mbili kila moja, pamoja na kifunikio. Usijaze zaidi ya hapo. Mtu wa kuibeba ni binadamu, na njia ya kambini ina visiki.

Madumu ya mkojo tuliyamwaga kila jioni kwenye mashina ya minazi, baada ya kuchanganya sehemu moja na sehemu tano za maji. Tulikuwa tukihama kutoka mnazi hadi mnazi, tukijiepusha kabisa na upande wa kisima. Ni mbolea nzuri, lakini hata mbolea nzuri ikimwagwa mahali pamoja siku tatu mfululizo huchoma mizizi na kuzama hadi kwenye maji ya kunywa. Ukiitumia nyumbani, mwaga udongoni na usimwage juu ya majani, na uache kabisa mwezi mmoja kabla ya kuvuna.

Juu ya kifunikio tuseme kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo tulipokosea. Kinachofaa ni kitu kikavu, chepesi, chembechembe: unga wa mbao kutoka kwa seremala, vumbi la makumbi, majani makavu yaliyopondwa, au udongo mkavu uliopepetwa kama wa Kasisi Moule. Pumba za mpunga zinafunika vizuri lakini huchukua muda mrefu kuoza. Maranda makubwa yale ya kujikunja huacha matundu, na inzi ni hodari wa kuyaona. Unga wa mbao usiwe wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, wala wa zile mbao za kiwandani za gundi, kwa kuwa mwisho wake ni shambani kwako. Weka kama sentimita tano chini ya ndoo kabla ya mtu wa kwanza kukaa. Kisha kila anayemaliza amwage kikombe kimoja au viwili, mpaka asione kitu. Tuliandika sheria hiyo kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni, na kwa ajili ya watoto wasiojua kusoma tulichora kikombe.

Kosa letu lilikuwa gunia. Usiku wa pili mvua ilinyesha, na gunia la unga wa mbao lilikuwa limeegemea turubai kwa nje. Asubuhi lilikuwa uji. Kifunikio kilicholowa hakifuniki kitu, na kufikia saa nne hapakuwa na haja ya kumwonyesha mgeni njia ya chooni. Pua yake ilimtosha. Jikoni kulikuwa na majivu mengi, tukapepeta na kuyatumia, na harufu ikakatika. Majivu hukausha na kuua wadudu, lakini yakizidi huwaua pia wale wanaooza mboji, kwa hiyo ni dawa ya dharura, au ni ya yule anayekusudia kukausha na kuzika tu. Tena yapoe kabisa kabisa. Mmoja wetu, ambaye hatumtaji kwa kuwa ndiye anayeandika sehemu hii, alichota majivu yaliyoonekana yamekufa, na kaa moja lililofichika likatoboa ndoo yetu ya akiba.

Mpaka hapa mama msomaji atakuwa amekwisha kuuliza, na maji je? Vitabu vya Wazungu juu ya vyoo hivi huzungumzia karatasi, basi. Sisi tunajisafisha kwa maji, na maji ndiyo adui wa ndoo. Dawa yake ni kutenga mahali pa tatu. Ndani ya banda hilo hilo, hatua moja kutoka kwenye sanduku, tulichimba kishimo kifupi, tukajaza kokoto na mchanga, tukaweka juu yake vipande viwili vya mbao vya kukanyagia na kopo la maji. Mtu anamaliza haja juu ya sanduku, anafunika, anahamia pembeni kujisafisha. Maji hayo ni machache, nayo tuliyaweka mbali na kisima kama hatua 60. Bibi wetu alisema kuhamahama huko ni kwa vijana, na magoti yake hayakubali. Yeye tulimpa karatasi na kitambaa chenye unyevu, na mjukuu wa kumsindikiza. Usimlazimishe mzee afuate utaratibu ulioufurahia wewe.

Kwa wasichana na akina mama walio katika siku zao weka ndoo ndogo yenye mfuniko, ndani ya banda, mahali isipoulizwa. Pedi za dukani zina plastiki, haziozi, zisiingie katika ndoo ya mboji. Na kwa habari ya plastiki, maelekezo mengi ya nje hukuambia utandike mfuko ndani ya ndoo ili usioshe. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia mwaka 2017. Hata kama usingekuwa na hofu ya sheria, mfuko huo utaukuta vile vile shambani mjukuu wako atakapolima. Osha ndoo. Maji kidogo, fagio la chelewa, na maji hayo yamwagwe juu ya rundo.

Banda lenyewe lilikuwa la makuti, kwa sababu khanga hupeperushwa na upepo wa pwani wakati usiofaa. Mlangoni tulining'iniza taa ndogo ya sola na kibuyu chirizi chenye sabuni iliyofungwa kwa kamba, ili mtu anawe mikono bila kushika bomba. Mtoto mmoja wa miaka mitano alikipenda kibuyu chirizi hata akawa anakwenda chooni mara nane kwa siku.

Mtu akiharisha kambini, hapo utaratibu unabadilika. Mpe ndoo yake peke yake, usiiingize katika mboji, nawa kwa sabuni kila unapomhudumia, na umpeleke kituo cha afya bila kungoja ibada iishe. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia hawahitaji kuambiwa zaidi.

Jambo lililotuletea ugomvi halikuwa lolote kati ya hayo. Ijumaa asubuhi ndoo ya kwanza ilihitaji kubadilishwa, na akina baba walikuwa wameketi wakizungumza. Baba mmoja, mtu mwema kabisa, akasema hayo ni mambo ya akina mama, kwa kuwa wamezoea nepi. Tulinyamaza, na wawili wetu tukaanza kuinuka, kwa mazoea tu. Mama mchungaji akatuzuia. Akamuuliza yule baba kwa upole, "Shemeji, wewe hukuingia humo tangu jana?" Watu walicheka, naye akacheka mwishoni. Mzee wa kanisa akakunja suruali, akashika mpini upande mmoja na kijana upande wa pili, wakaenda. Tangu hapo tuliandika zamu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kila nusu siku, na karatasi ya zamu ikabandikwa kando ya ratiba ya mafundisho. Kama kikundi chenu hakiwezi kukubaliana juu ya karatasi hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, tunakushauri msibebe choo hiki, kwa maana mtaishia kukibeba wewe na binti yako.

Jumatatu tulirudi na ndoo nne zilizofungwa mifuniko, zimesimamishwa nyuma ya pikapu na kufungwa kamba. Tulikuwa tumeamua mapema kwamba hazitazikwa pale shambani kwa sababu ya maji yaliyo karibu. Mahali ambapo maji ya chini yako mbali na kisima hakipo jirani, unaweza kuchimba shimo fupi, kumwaga, kufukia na kupanda mti juu yake baadaye. Huko Zimbabwe Peter Morgan alikuza choo kizima kwa wazo hilo: shimo fupi likijaa linafunikwa udongo na kupandwa mti, na kibanda kinahamia pengine.

Sisi tulitengeneza rundo nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, Kibaha. Ni boma la mbao la mita moja kwa mita moja, lisilo na sakafu, limetandikwa nyasi kavu nene hadi magotini. Katikati ya nyasi tukafukua kama kiota, tukamwaga ndoo, tukafunika kwa nyasi nyingine mpaka hapana kinachoonekana, na juu kabisa tukaweka wavu kwa ajili ya kuku na mbwa. Mwenye nyumba aliendelea kuongeza majani na maganda ya jikoni kwa miezi miwili, kisha akaliacha.

Kuliacha huko ndiko kugumu. Rundo kubwa lililotengenezwa vizuri hupata joto kali, na joto la zaidi ya nyuzi 50 likikaa wiki nzima huua karibu kila kitu kibaya. Rundo dogo kama letu huwezi kuliamini hivyo. Mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu. Yanaweza kukaa udongoni miezi mingi yakimngoja mtoto anayecheza mchanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kilichohifadhiwa tu bila dawa kikae zaidi ya mwaka mmoja katika nchi za joto kama pwani yetu, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwenye baridi. Dada wa milimani, Lushoto au Njombe, ahesabu hiyo ya pili. Katika muda huo usiongeze kinyesi kipya, kwani ukiongeza kidogo tu saa inaanza upya. Bandika tarehe kwenye boma. Usitegemee kumbukumbu yako, wala ya mumeo.

Tuliandika Aprili 2024, na tulifungua katikati ya Mei 2025. Tulivaa glavu, tukasimama upande upepo unakotoka, tukiwa tumejiandaa kwa mabaya. Kulikuwa na udongo mweusi wa kubonyea, karai tatu hivi, pamoja na maganda mawili ya maembe na kijiko cha chai ambacho hakuna aliyekubali ni chake. Hatukuuweka kwenye mchicha wala kwenye nyanya, wala hatutaki uuweke huko. Tuliuweka kwenye mashina ya mipapai miwili na mgomba, tukafukia kwa udongo wa kawaida juu.

Bibi alikuwapo kambini tena Pasaka ya 2025, na akina baba walikuwa wameongeza ngazi moja mbele ya sanduku lake kwa ajili ya magoti. Usiku wa Ijumaa Kuu tulimsikia hemani akimwambia mjukuu wake amwongezee chai, na asiweke sukari nyingi.